Gunia Nne za Bwana Singapore

Mama, nimezipakia zote. Gunia nne, kwa mgongo yangu, mpaka kwa trela ya trakta, na supavaisa amesimama hapo ananionyesha na kidole kama mimi ni ng'ombe ya kulima. Hiyo ilikuwa jana. Leo zimeshakuwa chai. Zimelala kwa fektari zikinyauka, asubuhi zimesagwa, zimekaushwa, na saa hii mkebe moja ya hiyo chai iko juu ya meza kwa chumba cha kuonja. Wageni kutoka nchi tano wanatembezwa huko ndani na makoti nyeupe na zile kofia za nailoni. Mimi nimekaa huku nyuma ya boila juu ya kuni. Nimepasua karatasi ya gunia la chai, ile ya ndani yenye iko safi, ndio naandikia.

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Darasa la sita niliacha katikati. Kijaluo naijua ya mdomo tu, kuiandika sijui, na wewe ulikuwa unasema Kijaluo ni ya nyumbani na Kiswahili ni ya kazi. Basi nakuandikia Kiswahili. Hii ni kazi.

Wacha nianze na ile siku ya mvua ya mawe, juu sijawahi kukuambia venye ilikuwa upande yangu. Wiki tatu ulikaa kwa kitanda na sikusema. Nilikuwa nakuletea uji, nainama, naenda.

Lakini kwanza Singapore. Siku hizi hata makarani wa ofisi wanamuita hivyo meneja wetu, akiwa amepita. Na ni wewe ulimpatia hiyo jina. Unakumbuka, alipokuja mara ya kwanza akatuita sote pale uwanja ya laini, kwa nyumba za wafanyakazi, akapanda juu ya kreti ya soda, akasema wakati wa uhuru sisi na Singapore tulikuwa maskini sawasawa, alafu wao wakaamka wakafanya kazi na sisi tukabaki tumelala. Watu wakapiga makofi. Wewe ukamnong'onezea Kobot Cherono, yule mama Mkalenjin mwenzako wa kuchuna, "Kwani mimi huwa nalala saa ngapi? Anionyeshe hiyo saa nikalale." Kobot Cherono akacheka mpaka supavaisa akamtoa mbele. Na kutoka hiyo siku, kila akipita na gari yake mlikuwa mnaambiana kutoka mstari moja mpaka ingine, "Singapore amefika, amkeni!"

Ulicheka sana hiyo mwaka. Alafu mashine ya kuchuna ikaja.

Siku waliwaondoa nyinyi ndio siku waliniandika mimi. Hiyo ilikuwa inanichoma, na ukaniona. Ukasema, "Afadhali iwe wewe kuliko mtoto wa mtu mwingine. Shika vizuri." Nikashika. Hiyo mashine inabebwa na watu wawili, mmoja huku ya mstari na mwenzake ile ingine, kama watu wamebeba mgonjwa, na meno yake inapita juu ya chai ikikata. Kazi yenye nyinyi wanawake saba mlikuwa mnamaliza jua ikiwa kali, sisi tunamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Lakini nyinyi mlikuwa mnachagua. Majani mbili na kichipukizi, basi. Na ile fito yako ndefu ulikuwa unailaza juu ya chai ndio mkono usishuke chini ya hapo. Mashine haijui kuchagua. Inakata kila kitu yenye imeinua kichwa, laini, ngumu, na mti wake. Miezi chache tu chai yetu ikaanza kuwa na miti, vijiti vijiti. Fektari ikalalamika. Mimi ndio nilikuwa nabeba, na nilikuwa naona, na hakuna mtu aliniuliza.

Mwaka jana wageni wakasemekana wanakuja. Watu wa serikali na kampuni za chai kutoka nchi zingine, wanatembea kuona venye nchi inaweza kuendelea haraka na mashine. Singapore alikuwa amewaandikia ati mashine yake inatoa chai kama ya mkono. Sasa ataonyesha nini? Ndio supavaisa akakuja nyumbani kwetu jioni, hakuingia hata, akasimama kwa mlango akakuita na jina yangu kama watu wetu, "Min Ochieng, kesho kuna kibarua ya siku moja. Usiambie mtu." Ukaniangalia mimi. Kifua yako ilikuwa imeanza kukohoa tangu Jumapili. Nilitaka kusema usiende. Mdomo yangu unaijua.

Mpango mliambiwa, na mimi nikaambiwa yangu. Nyinyi mchune alfajiri, gunia nne za majani safi, mzifiche nyuma ya kibanda ya mbolea. Mashine ipite mbele ya wageni, ikate, ijaze gunia nne zake. Wageni wakiondoka kwenda kula, mimi nizungushe. Gunia za mashine ziingie kwa kibanda, zenu zipande trakta ziende fektari. Kesho yake wageni waonje. Supavaisa alisema nichaguliwe mimi juu, "Huyu haongei."

Lakini wageni walifika mapema na nyinyi bado mko kwa chai. Nilisikia supavaisa akikimbia kwa mistari. "Lala chini! Hakuna kichwa nataka kuona!" Na nikaona vikapu zikizama moja moja, saba, mpaka chai ikawa tupu kabisa, kijani tu mpaka kwa msitu.

Kulikuwa na mzee mfupi kutoka Japani kati ya wale wageni, huko kwao mashine kama hii ilianza zamani. Mtu alikuwa anamtafsiria. Alishika mti moja ya chai akaitikisa kama daktari anashika mkono. Akasema kwao vijana walitoka shamba wenyewe, wakaenda fektari za magari na redio, mpaka mtu wa kuchuna akakosekana. Ndio wakatafuta mashine. Alafu akauliza, "Hapa kwenu watu walienda wapi?"

Singapore akasema, "Wameenda kwa kazi nzuri zaidi."

Mama, mimi sikusoma, lakini hapo nilielewa kitu. Kwao watu walitoka kwanza, na mashine ikaja kushika nafasi yao. Kwetu mashine ilikuja kwanza, nyinyi mkiwa bado mmesimama hapo na vikapu kwa mgongo. Ni kama mtu avae kiatu alafu aanze kutafuta soksi. Na wale watu yule mzee alikuwa anauliza, hawakuwa mbali. Jiwe moja ya kutupa ingewafikia. Mlikuwa mmelala kwa mtaro, chini ya chai.

Alafu mawe ikaanza. Unajua venye inaanza huku kwetu, kama mtu anamwaga maharagwe kwa mabati, alafu inakuwa yenyewe. Singapore akaingiza wageni kwa tenti. Kulikuwa na keki. Supavaisa akanitupia turubai akasema, "Funika mashine!"

Na nikaifunika.

Hiyo ndio nilikuwa nataka ujue. Nilikuwa na turubai kwa mkono, na nilikuwa najua mahali uko, mstari ya tatu kutoka kwa barabara, na nikafunika mashine. Nikasimama kando yake. Mawe ilikuwa inaruka kwa kichwa yangu na nikafurahi inaniuma. Mvua ikaisha, hamkutolewa, juu wageni walikuwa na maswali. Ikanyesha tena, ile ya maji. Kwa tenti nilisikia Singapore akisema hiyo neno yake, Singapore, mara mbili, na watu wakicheka vizuri.

Wakaenda kula. Mkainuka. Kobot Cherono alikuwa amevimba kwa shavu kama ameumwa na nyuki. Wewe ulikuwa umefunika kikapu na kifua yako ndio majani isipigwe. Hata hapo. Hata kwa hiyo uongo yao ulitaka majani ifike nzima. Ukaniona nikikuangalia, ukasema, "Leo nimekuwa mbolea, Ochi." Ukacheka na ukashindwa kumaliza kucheka.

Alafu nikazungusha gunia venye niliambiwa.

Kesho yake walionja. Niliambiwa na yule dada wa kuosha vikombe. Mgeni mmoja alivuta ile chai na kelele, akafunga macho, akasema hakuwahi kuamini mashine inaweza hivyo. Wakapiga makofi. Walikuwa wanapigia mikono yako makofi, Mama, na wewe uko kwa kitanda na blanketi tatu unatetemeka. Picha ya Singapore ikawekwa kwa ukuta ya ofisi, ameinua kikombe. Bado iko. Kila mwisho wa mwezi nikienda kuchukua mshahara napita chini yake.

Daktari alisema ni mapafu. Wiki ya tatu ukatuacha.

Tulikupeleka nyumbani, ukalala kando ya mama yako, mahali ziwa inaonekana kama kuna jua. Kobot Cherono alikuja na wenzako wawili, walipanda gari tatu kufika. Singapore hakukuja. Alituma katoni ya chai ya kampuni, imefungwa na utepe, ati ya kupikia waombolezaji. Tukapika. Watu wetu wakakunywa tu, hawajui. Lakini Kobot Cherono alivuta mara moja akaangalia kikombe. Akapatia wenzake. Wakaangaliana. Alafu akatoka nje akaimwaga kwa mchanga, polepole, akasema kwa ile Kiswahili yake yenye ulikuwa unamcheka, "Min Ochieng amechuna majani masuri maisha yote. Leo pwana Singapore anamzika na miti."

Hiyo siku ndio nilianza kumchunguza.

Unajua naweza kuchunguza. Mtu asiyeongea watu humsahau kama kiti. Mwaka mzima nimemwangalia. Najua anapanguza kikombe na kitambaa yake kabla ya kunywa. Najua akikasirika, na ile rangi yake ya maji ya kunde, shingo inaanza kuwa nyekundu kabla ya uso. Najua haogopi polisi, haogopi watu wa union, na Mungu anampigia simu tu wakati kuna mgeni wa kuomba kabla ya chakula. Nilikuwa natafuta kitu yenye anaogopa, na nikaipata. Anaogopa mgeni akunje uso. Mgeni akiguna tu, hata kama ni jua imemwingia kwa macho, Singapore anameza mate. Yeye anataka siku moja hao watu wa nje waseme, huyu ni mwenzetu. Hiyo ndio kidonda yake. Nikaiweka kwa akili.

Tukasikia wageni wanarudi mwaka huu, wengine tofauti, wengi zaidi. Nikaokota kipande ya nondo, nikaenda nayo kwa Kobot Cherono. Siku hizi anauza maziwa ya ng'ombe zake mbili huko Boito. Nikamwambia nitaiweka ndani ya chai, meno ya mashine ivunjike mbele ya watu. Alikuwa anakamua. Hakugeuka hata.

"Wewe unapiga mashine kwa nini? Mashine ni chuma, haina uchungu. Tafuta kitu yenye iko na uchungu."

Nikamwambia basi sitazungusha gunia. Nitaacha za mashine ziende fektari, waonje ukweli. Akakamua mpaka ndoo ikajaa. Alafu akasema, "Supavaisa amekuja hapa jana. Tumeitwa tena, sisi sita. Wewe fanya venye umeambiwa."

Nilitoka hapo na hasira, Mama. Nilisema kwa roho, huyu mama ameogopa. Amenunuliwa na kibarua ya siku moja. Njiani nilitupa ile nondo kwa mto.

Jana nikabeba mashine. Wageni wakasimama kwa barabara. Hii mwaka kulikuwa na mama mmoja kutoka Malawi, mnene kidogo, na kitambaa ya kijani kwa kichwa. Nilisikia ametumwa kuona kama nchi yake inunue hizi mashine, nyingi, za mashamba yote. Wenzake walikuwa wanapiga picha. Yeye alikuja karibu na mimi akauliza kwa Kingereza, polepole, wale walikuwa wanachuna hapa mbeleni walienda wapi? Hiyo Kingereza niliielewa yote. Nikafungua mdomo, lakini Singapore alikuwa ameshafika. "Wameenda kwa kazi nzuri zaidi, madam." Jibu ni ile ile, hata hajaibadilisha.

Yule mama hakumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi. Alafu akanyoosha mkono kwa chai, na bila kuangalia akachuna. Majani mbili na kichipukizi, kwa kidole gumba na hiki cha pili, na ile kugeuza kidogo yenye ulikuwa unafanya. Akaniwekea kwa mfuko ya shati. Mama, huyo mtu amechuna chai. Kama si yeye ni mama yake. Na ametumwa na nchi nzima.

Wakaenda kula. Nikabaki na supavaisa na gunia nane, nne za mashine kwa barabara, nne za kina mama kwa kibanda. Hii mwaka hawakulazwa chini, walikuwa wameamshwa mapema zaidi, wamemaliza. Walikuwa wamesimama pale kando ya kibanda wamekunja mikono kama kwaya inangoja kuitwa. Supavaisa akafungua gunia ya kwanza juu, akaingiza mkono, akatoa majani safi, laini, yanang'aa. Akafungua ya pili. Safi. "Mama zangu, nyinyi ndio mnajua kazi," akasema. "Zungusha, kijana."

Nilikuwa nimeapa sitazungusha. Nikafikiria nitamwambia nini. Nikainama nishike gunia kwanza, ndio nipate muda.

Ikanidunga kwa bega.

Wewe ulinibeba kwa mgongo na kikapu kwa kifua, mimi najua majani ya mkono. Gunia ya majani ya mkono ni kama kubeba mtoto amelala. Hii ilikuwa inadunga. Nikajifanya naifunga vizuri, nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Juu laini. Chini, Mama! Miti. Majani mzee, ngumu kama ngozi ya ngoma. Vijiti. Wakachuna takataka gunia nne, wakaifunika juu na majani ya kuringa.

Kufunika kikapu. Ile kitu ulikuwa unachukia kuliko wizi. Ulipigana na mtu kwa mizani juu ya kufunika kikapu. Uliniambia mtu anafunika kikapu atafunika na roho. Na Kobot Cherono alikuwa anajua hiyo kuliko mtu yeyote, juu miaka yote alichuna kando yako.

Nikainua macho. Alikuwa ananiangalia, uso imetulia kama ya Ijumaa Kuu, na ile alama ndogo kwa shavu, ya mawe ya mwaka jana. Akasema kwa sauti, supavaisa asikie, "Ochi, beba pole pole. Hiyo ni majani ya Min Ochieng."

Supavaisa akacheka, akasema, "Si huyo alikufa?"

"Ndiyo," akasema Kobot Cherono. "Huyo."

Nikabeba. Zote nne. Sikuwahi kubeba kitu na furaha hivyo. Jioni nilienda kwake nikamuuliza, sasa hamtaitwa tena, mtafanya nini? Akasema, "Siku moja kwa mwaka? Wacha niuze maziwa." Alafu akanipatia kikombe ya maziwa.

Sasa fikiria venye itakuwa. Nimefikiria usiku yote, sijalala.

Wageni watavuta. Itakwaruza ulimi. Watakunja uso, wale wa nchi tano, wote pamoja. Na Singapore atavuta, na yeye anajua chai, hiyo siwezi kumnyima. Atajua hapo hapo hii imechafuliwa na mtu. Na hawezi kusema! Aseme nini? Aseme hii si ya mashine, ni ya mkono, nimewadanganya? Au aseme ndiyo, hii ni ya mashine? Popote atageukia kuna mtaro. Atalazimika kukaa hapo kimya, mbele ya watu, mawe ikimpiga, na hakuna turubai. Kimya kama nyinyi. Hakuna kichwa nataka kuona, Bwana Singapore.

Najua ungekataa. Ungesema, usimfunikie mtu kikapu hata kama ni shetani. Najua, Mama. Leo funga macho kidogo. Ulifunga miaka mingi ukiomba, leo funga kwa sababu yangu.

Na sitaki kukudanganya ati nafanya hii juu ya mama za Malawi. Ndiyo, yule mama akionja chai nzuri ataenda kwao aseme nunueni, na huko watu watasimamishwa na vikapu kwa mgongo kama nyinyi, na yeye atakuwa amesema ukweli yenye alidanganywa. Hiyo imenikuja kwa akili asubuhi tu, nikiosha uso. Kabla ya hapo nilikuwa nataka kitu moja. Nilikuwa nataka shingo yake iwe nyekundu. Bado ndio nataka. Hiyo ingine ikifanyika pia, asante.

Lakini kuna kitu inanisumbua. Wale wageni wataondoka wakifikiri ni mashine mbaya tu. Watatafuta ingine ya meno mazuri zaidi. Na lile swali bado halijajibiwa. Mwaka jana yule mzee aliuliza, mwaka huu yule mama ameuliza, na mara zote mbili mimi nilikuwa hapo nimesimama na jibu ndani ya mdomo kama kokwa. Kobot Cherono na wenzake wametupa kibarua yao kwa gunia. Mimi nimetupa nini? Nimebeba tu. Kubeba najua.

Dada wa vikombe ametoka saa hii kumwaga maji. Ameniona. Ameniambia, "Wewe, unatafutwa! Yule mama wa Malawi amesema hawezi kuonja kabla kijana wa mashine aitwe. Ati anataka muonje pamoja. Singapore anajaribu kumwambia wewe uko shamba." Nikamuuliza shingo yake iko aje. Hakuelewa.

Kwa hivyo sikiliza. Nimejifunza kitu tangu alfajiri, nimemwomba karani anisaidie kuiweka kwa Kingereza, nikamdanganya ni ya kanisa. Ni fupi. Inasema, mmoja wao alilala chini ya chai, na alikuwa mama yangu. Nimeirudia kwa kuni hapa mpaka mtu wa boila akafikiri nimeokoka. Akiniuliza tena watu walienda wapi, sitangoja mtu anijibie. Na nikisema, nitakuwa namwangalia yeye Singapore, si chini. Kazi itaisha leo, najua. Itaishia hapo hapo kwa vikombe. Fito yako nimeshaitoa kwa nyumba, Kobot Cherono anaishika. Nitakuja nayo nyumbani kwa ziwa niisimamishe pale kichwani kwako, na nitakuambia uso yake ilikuwa namna gani. Hiyo ni ahadi.

Ile majani ya yule mama iko bado kwa mfuko ya shati. Imenyauka, inanuka vizuri.

Sasa supavaisa anaita jina yangu, na anaita ile ya ukweli, Ochieng, si kijana. Lazima niende, Mama, chai imeshamiminwa na wewe ndio ulinifundisha, chai mbaya inajulikana ikiwa moto. Ikipoa mtu anaweza kusingizia baridi.

Oriti, Mama.